Mshika Ufunguo Si Mwenye Nyumba

Mwaka 1876 William Morris, mshairi na mchoraji wa nakshi, aliingia katika kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, katika mji mdogo wa Burford, Oxfordshire, nchini Uingereza, akakuta vya kale vinaondolewa na vipya vinatiwa. Hakupendezwa. Inasimuliwa kwamba alipomlalamikia kasisi wa mahala pale, kasisi alimjibu kuwa kanisa ni lake yeye, na akitaka atasimama humo kichwa chini na miguu juu. Yumkini masimulizi haya yametiwa chumvi kidogo katika kupokezana, lakini yamebeba dai ambalo halikuzikwa pamoja na wasemaji wake: kwamba jengo la kale ni mali ya yule aliyeshika funguo zake leo. Dai hilo ni batili. Lilikuwa batili mwaka 1876, na ni batili sasa, liwe linatamkwa na kasisi, na kamati ya waumini, na idara ya serikali, au na mwenye hoteli aliyekwisha kuliweka jengo hilo katika matangazo yake.

Msomaji aliyekulia katika miji ya pwani hana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwa sababu lugha yake inalo neno lake, nalo ni wakfu. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakigeuzwi kwa matakwa ya msimamizi. Msimamizi hulinda, huziba panapovuja, hutoa hesabu, kisha humpisha mwingine. Akianza kusema "changu", watu hutazamana, maana hujua kuwa hapo amana imekwisha kuingia mashakani. Kanisa la mtaa la Kiingereza halikuitwa wakfu, na sheria zake zilitoka kwingine. Hata hivyo, mtu akiangalia namna lilivyojengwa, lilivyolipiwa na lilivyotumiwa, atapata shida kulipa jina jingine lililo karibu zaidi na ukweli.

Mji wa Burford umekaa juu ya mteremko unaoshuka hadi Mto Windrush, pembezoni mwa vilima vya Cotswolds. Utajiri wake wa kale ulitoka katika mgongo wa kondoo. Sufu ya vilima hivyo ilivuka bahari kwenda Flanders na Italia, na faida yake ikarudi nyumbani ikawa mawe yaliyochongwa. Kanisa lake halikujengwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Mnara, katika sehemu yake ya chini, ni kazi ya Kinormani ya karne ya 12, na mlango wa magharibi ni wa zama hizo hizo. Katika karne ya 15 watu wa mji waliona mnara huo ni mfupi mno kwa heshima yao, wakauongezea kimo na ncha ndefu ya mawe. Uzito ukazidi, ikabidi matao yanayoubeba yaimarishwe. Baraza ya kusini, yenye ghorofa tatu na dari ya mawe iliyotandazwa kama mapepeo, ni ya karne hiyo hiyo ya 15. Chama cha wafanyabiashara kilikuwa na kikanisa chake peke yake katika uwanja, kilichosimama mbali kidogo na kanisa kubwa. Baadaye kuta zikavunjwa, nafasi ikazibwa, na majengo mawili yakawa moja. Ndiyo maana mtu akitembea ndani huona pembe zisizolingana, ngazi pasipotarajiwa ngazi, na ukuta uliokuwa wa nje ukajikuta ndani. Nje, makaburini, yamo makaburi ya mawe yenye migongo iliyoviringwa, ambayo wenyeji huamini kuwa yanaiga robota za sufu. Hata katika kufa, watu wale hawakuona haya kutaja kilichowalisha.

Nani alilipa gharama za yote hayo? Swali hili ndilo linalopaswa kutangulia, na ndilo linalokwepwa. Katika desturi ya Uingereza ya zama za kati, patakatifu pa madhabahu palikuwa jukumu la rekta, na ukumbi wa waumini, yaani sehemu kubwa ya jengo, ulikuwa jukumu la watu wa mtaa wote. Walichagua wazee wa kanisa, wakachanga, wakaandika hesabu, wakanunua kengele na nta. Matengenezo baadaye yaligharimiwa kwa kodi ya kanisa, na kodi hiyo haikuuliza mtu anasali wapi. Quaker aliyekataa kabisa ibada ya humo aliweza kutozwa. Mbaptisti aliyekuwa na nyumba yake ya sala aliweza kutozwa. Akikataa kulipa, mali yake iliweza kukamatwa. Bunge liliondoa ulazima wa kodi hiyo mwaka 1868 tu. Tarehe hiyo na izingatiwe vyema. Kwa karne kadhaa mtaa mzima, mwenye kupenda na asiyependa, ulilazimishwa kulitunza jengo kwa hoja kwamba ni la wote. Haijapita hata miaka kumi tangu lazima hiyo kuondoshwa, kasisi wa Burford anasimuliwa akisema kwamba kanisa ni lake. Likiwa linahitaji fedha ni letu sote. Likikwisha kulipiwa ni langu!

Itasemwa kwamba kasisi alikuwa na sheria upande wake. Kweli, sheria ya Kanisa la Uingereza ilimpa kasisi miliki ya jengo kwa muda wa utumishi wake. Lakini miliki hiyo ni ya kiti, si ya mtu anayekikalia. Na sheria hiyo hiyo ilimtaka mwenye kutaka kubadilisha jengo apate kwanza idhini ya mahakama ya askofu, ambako mtu wa mtaa aliweza kusimama na kupinga. Huyo basi ni msimamizi aliyewekewa mipaka. Kusimama kichwa chini miguu juu huenda hakukuwa katika mambo yaliyokatazwa, lakini kunaonesha vyema namna mtu anavyoweza kuuona ulimwengu akisahau kilichomweka pale.

Na tuache kwanza habari ya fedha, kwa kuwa mtu anaweza kujibu kwamba waliolipa wamekufa na madeni yao yamekwisha. Kuna jambo zito zaidi, nalo ni ushahidi. Kanisa la Burford limehifadhi ndani yake habari za watu ambao wasingependa kukaa chumba kimoja, na thamani yake kubwa imo katika ugomvi huo.

Pana kumbukumbu ya Edmund Harman, ya mwaka 1569. Harman alikuwa kinyozi na mtumishi wa karibu wa Mfalme Henry wa Nane, mmoja wa watu walioshuhudia wasia wa mfalme huyo. Taasisi za kidini zilipovunjwa, alipata mali za hospitali ya Mtakatifu Yohana pale Burford. Kumbukumbu yake inaonesha watoto wake 16 waliopangwa safu, na juu yao, wakiizunguka maandishi, wamechongwa watu wa Marekani ya Kusini, wakiwa na mataji ya manyoya na matunda. Wengi huwahesabu kuwa ni miongoni mwa sura za mwanzo kabisa za watu wa bara hilo kuchongwa Uingereza. Wataalamu wamebainisha kwamba mchongaji aliiga michoro ya Kifleminshi iliyochapishwa. Hakuwahi kuwaona watu hao. Wamo humo bila jina, bila kauli, kama mapambo ya mtu aliyetajirika kwa mali iliyokuwa ya maskini na wagonjwa. Miaka zaidi ya 450 wanamtazama kila anayeingia. Je, hao nao ni wa kasisi?

Pana kaburi la Sir Lawrence Tanfield, jaji mkuu wa mahakama ya Hazina, aliyefariki mwaka 1625. Mjane wake alilisimamisha mwaka 1628: nguzo, mapazia ya mawe, rangi na dhahabu, mume na mke wamelala kwa fahari, na chini yao, mahali ambapo mtu asiyeinama haoni, mifupa ya binadamu iliyochongwa. Tanfield, akiwa bwana wa ardhi ya mji, aliwashitaki watu wa Burford na kuvipokonya vyombo vyao vya kujitawala haki ambazo vilizishika tangu enzi za Wanormani. Wakashindwa. Masimulizi ya mji yanasema kuwa watu walimchukia yeye na mkewe hata wakawa kila mwaka wanachoma sanamu zao. Kaburi hilo limejaza kikanisa kizima cha kaskazini. Aliyewanyang'anya watu soko lao amejitwalia na sehemu ya kanisa lao, na binti yake, Elizabeth Cary, ambaye mwaka 1613 tamthilia yake ilichapishwa ikiwa ya kwanza ya asili kuchapishwa kwa Kiingereza na mwanamke, anaoneshwa hapo akiwa amepiga magoti tu kama pambo la wazazi.

Kisha pana birika la ubatizo. Juu yake mtu asiyekuwa mchongaji alikwaruza jina lake: Anthony Sedley, mwaka 1649, mfungwa. Neno la mwisho amelikosea tahajia.

Mwaka huo, tarehe 30 Januari, Bunge na jeshi lake walikuwa wamemkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza. Askari wengi waliopigana vita hivyo walidhani wamepigania kitu kikubwa kuliko kubadilisha bwana. Kundi ambalo maadui zake waliliita Levellers, yaani Wasawazishaji, lilitoa tarehe 1 Mei 1649 waraka wake wa makubaliano ya watu: haki ya kupiga kura kwa wanaume wengi kuliko wakati wowote kabla yake, sheria moja kwa wote, uhuru wa dhamiri katika dini, kukomeshwa kwa kulazimishwa watu kwenda vitani, na kuondolewa zaka ambazo zilimlisha kasisi wa mtaa. Baadhi ya vikosi vilikataa kupelekwa Ireland kabla ya kulipwa malimbikizo yao na kabla ya madai hayo kujibiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei, Cromwell na Fairfax wakawavamia wamelala Burford. Askari wapatao 340 wakafungiwa ndani ya kanisa. Tarehe 17 Mei, James Thompson, koplo Perkins na askari aliyeitwa John Church, jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kanisa, walitolewa nje wakapigwa risasi kwenye ukuta wa uwanja wa kanisa, na wenzao, kama inavyosimuliwa, wakapandishwa juu ya paa watazame. Siku mbili baadaye Bunge likatangaza kwamba Uingereza sasa ni dola ya watu, isiyo na mfalme. Mnamo Agosti, Cromwell akavuka kwenda Ireland, na Septemba damu ikamwagika Drogheda.

Watu waliodai kwamba kasisi asilishwe kwa nguvu walifungwa katika nyumba ya kasisi. Waliodai sauti katika serikali waliachiwa sauti moja tu, ncha ya kisu juu ya birika. Kinyozi wa mfalme ana jiwe la nakshi. Jaji ana dhahabu na nguzo. Sedley ana mkwaruzo. Lakini mkwaruzo huo ndio unaovuta watu kuliko jiwe na dhahabu, kwa sababu Harman na Tanfield waliandikiwa na mafundi wa kukodi, na Sedley alijiandikia mwenyewe.

Sasa mtu arudi kwa Morris na mafundi wa miaka ya 1870, ndipo ataelewa ghadhabu ile ilitoka wapi. Kazi ilisimamiwa na George Edmund Street, msanifu mashuhuri, ambaye pia alibuni majengo ya Mahakama Kuu ya London. Hakuwa mjinga wala mharibifu kwa nia. Yeye na wenzake wa zama za Victoria walikuwa na nadharia: kila kanisa lina umbo lake bora, umbo la zama fulani za kati walizozipenda, na kazi ya msanifu ni kulirejesha hapo. Kwa hiyo plasta ilikwaruzwa hadi jiwe likabaki uchi, ambapo wajenzi wa awali hawakukusudia lionekane. Viti vya karne ya 17 na 18 vilitupwa. Sakafu zilizosagwa na nyayo za vizazi zilifukuliwa, vikatandikwa vigae vipya vinavyong'aa. Mahali pasipokuwa na ushahidi wa umbo la kale, msanifu alikisia, akachonga kisio lake kwa ustadi, na kisio likasimama kama kwamba lilikuwapo tangu mwanzo.

Huo ndio uongo ambao Morris hakuweza kuuvumilia. Mtu akivunja jengo, hasara inaonekana na kila mtu, ataulizwa, atalaumiwa. Lakini mtu akilirejesha kwa kubahatisha, huua shahidi kisha akamvika mtu mwingine nguo za marehemu na kumsimamisha mahakamani atoe ushahidi. Anayekuja baadaye hawezi kujua lipi ni la mwaka 1450 na lipi ni la mwaka 1875. Na kinachopotea kwanza katika urejeshaji wa namna hiyo ni alama za wanyonge: plasta aliyopaka fundi wa mtaa, benchi la kazi duni, jina lililokwaruzwa. Kaburi la jaji haliguswi. Kama mkono wa kusafisha ungepita juu ya birika lile kwa bidii iliyopita kwingine, tahajia mbovu ya Sedley ingehesabiwa kuwa uchafu.

Mwezi Machi 1877 Morris, akiwa na msanifu Philip Webb na wengine, alianzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Kale. Watu wakakipa jina la utani la chama cha wapinga kukwaruza. Msingi wake ulikuwa mwepesi kusemwa na mgumu kufuatwa: linda badala ya kurejesha, zuia uchakavu kwa matunzo ya kila siku, tengeneza kinachohitaji kutengenezwa tu, na kiraka kiachwe kionekane kuwa ni kiraka. Mswahili amekwisha kuyasema hayo kwa maneno machache zaidi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jani lililoziba mfereji wa paa, likiondolewa leo, hugharimu nusu saa. Likiachwa miaka mitano, maji huingia ukutani, mbao huoza, dari huanguka, ndipo huitwa msanifu mkubwa aje na nadharia yake. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hutaka kuzibwa kwa chokaa, kwa kuwa chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji ikipakwa juu yake hufungia maji ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya uso mzuri. Aliyewahi kutazama nyumba za mawe za Unguja anaujua ugonjwa huu bila ya kusomeshwa Oxford.

Zipo hoja za upande wa pili, na zinastahili majibu ya haki. Ya kwanza ni kwamba kanisa si makumbusho. Watu husali humo; huhitaji joto, mwanga, choo, mahali pa kikombe cha chai kwa wazee; hawawezi kufungiwa katika mwaka 1450 ili msomi afurahi. Hoja hii ni ya kweli, na haimgusi Morris. Jengo la Burford ni matokeo ya watu wasioogopa kubadilisha: waliongeza mnara, wakajenga baraza, wakaunganisha kikanisa. Tofauti ni kwamba kila walichoongeza kilisema wazi tarehe yake. Aliyejenga karne ya 15 hakujifanya Mnormani. Jenga upya panapohitajika, lakini kwa sura ya wakati wako, na usifute ya mwenzio.

Hoja ya pili ni kali zaidi. Inasema kwamba wasanifu wa Victoria waliyaokoa majengo. Paa nyingi zilikuwa zinaanguka, na lau si wao, Morris asingekuta kitu cha kulilia. Hilo nalo lina ukweli mkubwa. Tena kuna la kuongeza: kazi ya Street sasa ina takriban miaka 150. Vigae vile vimekanyagwa na waliofunga ndoa, waliobeba majeneza, waliorudi vitani na walioombewa wasirudi. Kwa kanuni ya Morris mwenyewe, hakuna mwenye haki ya kung'oa kazi ya Street ili arejeshe kile Street alichong'oa. Baadhi ya wafuasi wa Morris hawapendi kusikia hivyo, lakini kanuni isiyomfunga anayeishika si kanuni. Kosa la mwaka 1875 nalo limekuwa ushahidi, ushahidi wa kiburi cha zama zake, na linapaswa kuachwa liseme.

Hoja ya tatu ndiyo inayotawala leo, nayo haitamkwi kwa sauti: kwamba urithi ni uzuri, na uzuri ni biashara. Burford ni mji wa kupendeza; barabara yake kuu huteremka ikiwa na maduka ya chai na ya vitu vya kale, na picha yake huuza kalenda. Katika biashara hiyo kanisa ni pazia la nyuma. Tajiri wa sufu anakaribishwa kwa kuwa alijenga vizuri. Sura za Wamarekani wa Kusini zinakaribishwa kwa kuwa ni kioja. Hata Sedley anakaribishwa, mradi awe kitendawili cha kuwaonesha watoto. Asichokaribishwa nacho ni dai lake. Tangu mwaka 1975 watu wamekuwa wakikusanyika Burford mwezi wa Mei kuwakumbuka Wasawazishaji, kwa maandamano, hotuba na nyimbo. Tony Benn, aliyekuwa waziri, alikuwa miongoni mwa waliowahi kusema hapo. Si kila mtu wa mji aliyefurahi siasa kurudishwa katika uwanja wa kanisa. Ajabu ya watu hao! Siasa haikurudishwa, haikupata kuondoka. Ililetwa na Cromwell kwa farasi na bunduki, na ukuta ule ule ndio uliozipokea risasi zake.

Haya si mabishano ya wapenda mawe tu. Kanisa la Uingereza lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake yamo katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria. Katika orodha ya mwaka 2024 ya urithi ulio hatarini, inayotolewa na taasisi ya Historic England, majengo ya ibada yalizidi 900. Mzigo wa kuyatunza unawaangukia waumini wachache, wengi wao wazee, ambao kila Jumapili huweka ndoo chini ya tundu lile lile. Serikali ilianzisha mwaka 2001 mpango wa kuwarudishia kodi wanayolipa katika matengenezo. Mwaka 2025 ikauwekea kikomo cha pauni 25,000 kwa jengo moja kwa mwaka. Kwa mnara unaopasuka, kiasi hicho huishia katika jukwaa la mafundi kabla jiwe halijaguswa.

Hapa ndipo dai la "langu" linapoonesha madhara yake. Kasisi aliyesema kanisa ni lake aliwafundisha watu wa nje kujibu: basi litengeneze mwenyewe. Serikali imejifunza jibu hilo. Mji unaouza picha ya mnara umejifunza jibu hilo. Mgeni anayepiga picha birika la Sedley na kuondoka bila kutia senti katika kisanduku amejifunza jibu hilo. Umiliki wa mmoja huzaa utelekezaji wa wengi. Na waumini, wakiachwa peke yao, watakata tamaa. Siku moja funguo zitakabidhiwa kwa mwenye kuweza kulipa, naye atakuwa na nadharia yake kuhusu kipi kibaki na kipi kiondoke.

Kwa msomaji wa Visiwani, habari hii haiko mbali kama inavyodhaniwa. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyozaliwa baada ya wito wa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilikuwa na Oxford miongoni mwa walezi wake, mji ulio karibu na Burford. Muongo ule ule ambao kanisa la Burford lilikuwa likikwaruzwa, Askofu Edward Steere alikuwa akijenga Mkunazini, juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mwaka ambao jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa. Hilo nalo ni jengo lenye mashahidi wasioelewana: askofu amezikwa nyuma ya madhabahu akiwa na jina lake, na waliouzwa pale, kwa maelfu, hawana majina ukutani. Nani ni mwenye Mkunazini? Waumini wanaosali humo? Wageni wanaolipa kiingilio? Wajukuu wa waliouzwa, au na wajukuu wa waliouza pia? Jibu lenye kumchagua mmoja na kuwafukuza wengine litakuwa ni jibu la kasisi wa Burford, lililovaa kanzu nyingine.

Jengo la kale lina wenyewe wengi, na wengi wao hawawezi kuja kwenye kikao. Ndiyo maana aliye hai anatakiwa kutumia nguvu zake kwa kiasi. Ana haki ya kusali, kuzuru, kuandamana Mei, kuziba paa, hata kuongeza chumba. Ana wajibu wa kuchangia, awe anaamini kinachosomwa humo au haamini, kwa kuwa mababu wa wasioamini walilipa vile vile, tena kwa kulazimishwa. Asilo na haki nalo ni kuwachagulia waliotangulia nani aendelee kusema na nani anyamaze.

Sedley hakuwa na kanisa. Alikuwa mfungwa ndani yake kwa siku chache, akiwasikia wenziwe wakiitwa mmoja mmoja, asijue kama jina lake ni la nne. Aliandika alichoweza kuandika, mahali alipoweza kufika, kwa tahajia aliyokuwa nayo. Birika lile limebatiza vizazi vya watoto wa Burford tangu hapo, na kila mtoto amepitishwa juu ya jina la mtu aliyetaka watoto hao wawe na sauti. Kasisi aliyesimama hapo na kusema "langu" alikuwa na funguo mkononi na jina hilo mbele ya macho yake. Alichokosa ni kulisoma.